Tamko la madereva na wamiliki wa malori wa Buguruni kuhusu uvumi wa volkano

Sisi wanachama wa umoja wa madereva, matingo na wamiliki wa malori wenye maskani Buguruni, wilayani Ilala, tunaopeleka mizigo Arusha, Kigali na Goma, tunatoa tamko hili kuhusu meseji za sauti zinazodai kwamba setilaiti imeshataja siku ya kulipuka Ol Doinyo Lengai na Nyiragongo. Buguruni hakuna volkano, lakini magari yetu yanalazwa kwa sababu ya meseji hizo.

Hakuna setilaiti inayotaja siku. Setilaiti ya rada, kama Sentinel-1 ya Ulaya, hupita na kupiga picha eneo lilelile kila baada ya siku kadhaa. Picha mbili zikilinganishwa, huonekana kama ardhi imepanda au kushuka, hata kwa sentimita chache. Julai 2007, matetemeko ya Gelai, jirani na Ziwa Natron, yalipotikisa hadi Nairobi, rada za wakati huo zilinasa alama za uji wa moto uliopenya ardhini. Septemba, Lengai ukalipuka.

Goma mambo yalikwenda kinyume. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulipasuka bila dalili za wazi kutangulia, na watu zaidi ya 30 wakafa. Siku tano baadaye, matetemeko na picha za rada zikionesha uji wa moto umeingia chini ya mji hadi Ziwa Kivu, mamlaka zikaamuru mitaa kadhaa ihamwe. Mlipuko wa pili haukutokea. Wapo wanaosema watu walisumbuliwa bure. Hatukubaliani nao hata kidogo: hatari ilikuwepo, na waliotoa amri walikuwa na sababu.

Kwa hiyo mwanachama asilaze gari kwa klipu isiyo na mwenyewe, wala asikaidi amri ya kuondoka. Akiwa Goma asikilize kituo cha uangalizi wa volkano, OVG. Akiwa nchini, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, na uongozi wa wilaya. Wenye mali wasimshurutishe dereva kuingia eneo lililofungwa, wala wasimkate posho kwa kusubiri.

Tunaiomba GST itoe taarifa za Lengai kwa Kiswahili na kwa ratiba inayojulikana, ikieleza ardhi imesogea kiasi gani na tangu lini. Hata ikisema hakuna kilichobadilika, tutaibandika kijiweni.

Imetolewa na Kamati ya Utendaji,
Buguruni, Dar es Salaam