Bond Akitoka Damu Kuna Ubaya Gani?

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nina neno lililonikaa kooni tangu likizo ya Agosti, na mhariri amenipa kurasa hizi nilitoe kabla halijanikaba. Neno lenyewe linamhusu jasusi wa Kiingereza, James Bond, nambari 007. Hasa linamhusu yule mtu aliyekabidhiwa kumwigiza mwaka wa 2005, mashabiki wakamkataa hata kabla hawajamwona akivuka barabara. Jina lake Daniel Craig. Mimi namtetea.

Wanaonijua watacheka. Watasema, huyu msichana tangu lini akawa mtu wa bunduki na magari, si yeye ni wa methali na mashairi? Sawa, chekeni. Nina sababu yangu, na nitaifikia.

Nyumbani kwetu ugomvi ulianza na Mjomba. Mjomba alikuwa kijana wa sekondari ilipotoka filamu ya Octopussy mwaka wa 1983, naye hajapona mpaka leo. Akianza kusimulia jinsi Roger Moore alivyovaa nguo za mchekeshaji wa sarakasi, uso umepakwa rangi, akaingia kutegua bomu huku watu wakidhani ni mchezo, chai inapoa mezani. Kwake yeye Bond ni mtu asiyetoka jasho. Anapigana juu ya gari moshi, anashuka, anatengeneza shati, anasema neno moja la kuchekesha, basi.

Likizo hiyo binamu yangu alileta Casino Royale ya mwaka wa 2006, ile ya kwanza ya Craig. Inaanza bila rangi, nyeusi na nyeupe tupu, Bond anapigana na mtu chooni. Si vita vya madaha. Wanavunja masinki, wanagongana ukutani, wanapumua kama ng'ombe. Mjomba aliweka kikombe chini.

"Mwanangu, huyu ni Bond au ni mlinzi wa baa?"

"Ni Bond, Mjomba."

"Bond gani huyu anayetoka damu? Zima."

Hatukuzima, lakini yeye aliondoka akaenda kuangalia kuku. Mimi nikabaki na swali lake. Bond akitoka damu kuna ubaya gani?

Turudi nyuma kidogo, maana mtu hawezi kuamua kesi bila kujua shamba ni la nani. Bond alizaliwa kwenye karatasi. Mwandishi Ian Fleming, aliyefanya kazi katika ujasusi wa jeshi la majini la Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili, alitoa kitabu cha kwanza mwaka wa 1953, na kitabu hicho ni hichohicho Casino Royale. Jina la James Bond alilichukua kwa mtaalamu mmoja wa ndege, ndege hawa wenye manyoya, kwa sababu aliliona ni jina la kawaida lisilo na mbwembwe. Filamu ya kwanza, Dr. No, ilionyeshwa mwaka wa 1962 na aliyeigiza ni Sean Connery.

Sasa sikiliza. Huyo Connery ambaye leo wazee wanamtaja kama mtume, Fleming mwenyewe mwanzoni hakumtaka! Connery alikuwa mtoto wa mtaa wa watu maskini mjini Edinburgh, aliwahi kusambaza maziwa, aliwahi kushindana katika mashindano ya watunisha misuli. Fleming alikuwa na picha ya mtu mwingine kabisa kichwani, muungwana wa vilabu vya London. Alipoiona kazi yake alibadilika, na katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1964 akampa Bond baba Mskoti. Yaani mwigizaji alikataliwa na mwenye kitabu, kisha mwenye kitabu akabadili kitabu! Mimi nikisoma jambo hili nilicheka peke yangu mpaka Mama akauliza kuna nini.

Baada ya Connery alikuja George Lazenby wa Australia mwaka wa 1969. Alikuwa mwanamitindo, filamu hakuzijua. Aliigiza moja tu akatoka, watu wakasema afadhali. Lakini filamu hiyohiyo, On Her Majesty's Secret Service, ndiyo inayoisha na mke wa Bond kupigwa risasi garini siku ya harusi yao, naye amempakata. Siku hizi wako mashabiki wengi wanaoiweka karibu na juu kabisa. Lazenby mwenyewe hizo sifa zilimfikia akiwa mzee.

Moore sitamsema sana kwa sababu naishi na Mjomba. Filamu saba, tangu 1973 hadi 1985, na ya mwisho aliicheza akiwa na miaka 57. Alijua kuchekesha, na si kila mtu anajua.

Nije kwa Craig. Tarehe 14 Oktoba 2005 alitambulishwa London. Aliletwa juu ya mto Thames kwa mashua ya kijeshi ya mwendo kasi, na juu ya suti yake nzuri amefungwa jaketi la kuokolea maisha. Weee! Magazeti ya Uingereza yalimla mzimamzima. Ati Bond gani anaogopa maji. Gazeti moja likalichezea jina la Bond, likaligeuza liwe na maana ya mtu asiye na ladha, chapwa kama uji bila sukari. Mashabiki wengine wakatangaza kuisusia filamu ambayo ilikuwa haijapigwa hata picha moja. Kosa lake la kwanza, nywele zake ni za kimanjano. Kosa la pili, ni mfupi kuliko waliomtangulia. Kosa la tatu, sura yake si ya kutangazia saa.

Wacha niwe mkweli. Kwa nywele, mashabiki hawakuwa wakisema uongo. Katika vitabu Bond ana nywele nyeusi, na shungi moja linamwangukia kwenye paji la uso. Kama kesi ni ya nywele tu, Craig ameshindwa na mahakama ifungwe.

Lakini nilikiazima kile kitabu cha 1953 nikakisoma, Kiingereza chake kigumu lakini nilivumilia. Bond niliyemkuta humo si yule wa Mjomba. Anaogopa. Anashindwa pesa mezani na tumbo linamvurugika. Anateswa vibaya, analazwa hospitali, na akiwa kitandani anaanza kujiuliza kama anaowaita wabaya ni wabaya kweli, akafikiria hata kuacha kazi. Anampenda mwanamke na mwanamke huyo anamvunja moyo. Sasa, yupi aliyemfuata Fleming? Yule mwenye nywele nyeusi asiyeumia, au huyu wa nywele za kimanjano anayeumia?

Iko sehemu moja ndani ya filamu ninayotaka wote wanaobisha waitazame upya. Bond na Vesper, mhasibu wa serikali aliyetumwa kulinda zile pesa za kamari (ameigizwa na Eva Green), wanakutana na watu wawili wenye silaha kwenye ngazi za hoteli. Pigano lenyewe ni la kutisha na ni refu, wanaporomoka ngazi mpaka chini. Bond anashinda. Katika filamu za zamani hapo angesema kichekesho akaagiza kinywaji. Craig anaenda chumbani, anavua shati lililolowa damu, anajitazama kwenye kioo, anakunywa pombe kali kwa mkupuo kama mgonjwa anayemeza dawa. Kisha anarudi kukaa kwenye meza ya kamari kana kwamba hakuna kitu. Baadaye anamkuta Vesper amekaa chini bafuni na nguo zake zote, maji yanammwagikia, anatetemeka kwa sababu ameona watu wakifa na yeye alisaidia. Bond hasemi hotuba. Anakaa kando yake, na suti yake, majini. Anamuuliza kama anasikia baridi, anaongeza maji ya moto. Basi.

Nilipoona hapo nilinyamaza. Kwa miaka mingi Bond alikuwa ameua watu wengi sana na hakuna aliyekuwa amekaa chini kwa sababu hiyo.

Si kwamba filamu haina doa. Lile teso la kwenye kiti nilifunika macho. Na sisi wa Afrika Mashariki tunaonekana mwanzoni tu, Mbale, Uganda, upande ule wa pili wa Mlima Elgon, na tunaonekana kama kambi ya waasi msituni. Binamu yangu aliruka kwa furaha kusikia Mbale. Mimi nilijiuliza, mbona tukitajwa ni kwa bunduki tu? Halafu filamu ya pili ya Craig, ya mwaka wa 2008, iliandaliwa wakati waandishi wa Hollywood wako kwenye mgomo, na kwa kweli inaonekana.

Mbele ya umma, hata hivyo, Craig alishinda. Casino Royale iliingiza takriban dola milioni 600, na Skyfall ya mwaka wa 2012 ikawa ya kwanza ya Bond kupita dola bilioni moja. Waliosusia walipanga foleni. Aliigiza tano mpaka No Time to Die ya mwaka wa 2021, ambamo Bond anakufa, na watu haohao wakalia.

Lakini ushindi si hoja yangu, na ndiyo maana lazima nimtaje Timothy Dalton. Huyu alichukua nafasi mara tu baada ya Moore, mwaka wa 1987. Alikuwa mtu wa jukwaani, wa Shakespeare. Alivisoma vitabu vya Fleming akaamua kumrudisha Bond wa humo, aliyechoka na mwenye hasira. Katika The Living Daylights anaamriwa ampige risasi mdunguaji dirishani. Anaona ni msichana asiyejua hata kushika bunduki vizuri, anakataa, anapiga bunduki badala ya mtu. Kisha anasema wakubwa wakimfukuza kwa hilo atawashukuru. Ni Bond yuleyule wa Craig, miaka 19 mapema! Mashabiki wakasema hachekeshi. Alicheza mbili, 1987 na 1989, halafu kukawa na kesi za kibiashara na filamu zikasimama miaka sita, naye hakurudi. Mjomba anayo ile ya 1987. Hajawahi kuimaliza.

Sasa nifike kwenye sababu yangu.

Mwaka huu chama chetu kilipeleka mchezo kwenye tamasha la drama la kaunti ndogo, na mimi nilipewa nafasi ya Mama Mkwe. Mwaka jana nafasi hiyo ilikuwa ya dada mmoja wa kidato cha nne. Mnamkumbuka. Alikuwa akiingia jukwaani na leso mbili kiunoni na ukumbi unaangua kicheko kabla hajafungua kinywa. Wiki tatu nilijaribu kuwa yeye. Nilifunga leso mbili, nikatembea kama yeye, nikapaza sauti kama yeye. Hakuna aliyecheka ila kwa kunihurumia.

Usiku mmoja nikausoma mchezo tena kama mtu ambaye hajawahi kuuona. Mama Mkwe ni mjane. Ana mtoto mmoja tu, na mtoto huyo ameoa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba anachekesha. Nikamfuata Mwalimu mlezi nikamwambia nataka kupunguza sauti. Akasema jaribu. Siku ya tamasha nilizikunja nguo za mkwe wangu polepole, moja moja, nikasema yale matusi yake yote kwa sauti ya chini. Ukumbi ulinyamaza ji! Hata sijui ulikuwa unyamavu wa namna gani.

Tulitoka nambari tatu, na waliopita ni wawili. Ndani ya matatu tukirudi, mtu mmoja kiti cha nyuma akasema, "Tungekuwa na yule wa mwaka jana tungepita." Hakuna aliyempinga. Labda ni kweli. Nimelifikiria sana neno hilo na siwezi kuapa kwamba si kweli. Ninachojua ni kwamba yule Mama Mkwe niliyemwonyesha yumo ndani ya maandishi, nendeni mkasome.

Kwa hiyo mtu akinambia, "Wewe unajifanya Craig," namwambia hapana, Craig alipita. Mimi niko na Dalton.

Na yeyote atakayepewa nafasi ya Bond baada ya Craig namwonea huruma mapema. Watu watamwambia mbona hatoki damu. Watamwambia Bond wa kweli ni yule aliyekaa majini na suti yake. Pengine nami nitakuwa kati yao, nikipiga kelele kuliko Mjomba, na mtu anikumbushe kurasa hizi.

Mjomba, kwa njia, tulimrudisha ndani likizo ilipokaribia kwisha. Tulimwonyesha zile ngazi na lile bafu tu, mengine tukayaruka. Alitazama na mikono imefungwa kifuani. Ilipoisha akakaa kimya, kisha akasema, "Huyu anaumia." Alisema kama mtu anayetoa kasoro ya ng'ombe mnadani. Akainuka, akaenda zake. Kesho yake asubuhi nilimkuta peke yake anatazama Octopussy, na alipofika pale kwenye bomu hakucheka mpaka aliponiona mlangoni.

Mnaonipinga andikeni, mwache karatasi zenu kwa mhariri. Mjomba ya kwake ameshaianza.