Binti Anaitwa Kigali

Juma lililopita, baada ya swala ya Isha, mzee mmoja wa hapa Mbagala alinijia na barua mkononi. Bintiye amekubaliwa kwenda Rwanda kwa miezi mitatu, kujifunza haki za binadamu na kujitolea. "Ustadhi, makaburini atajifunza nini?"

Swali lake si la kubezwa. Gisozi, Kigali, wamezikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa mwaka 1994. Lakini jijini humo umo pia Nyamirambo, mtaa wa Waislamu ambako Kiswahili husikika hadi leo. Katika siku zile mia moja, Waislamu wengi waliwaficha majirani zao Watutsi, majumbani hata misikitini. Si wote, wapo walioshiriki kuua, na binti asifichwe hilo.

Nilimwambia mzee aulize: atafuatana na nani, atalala wapi, atafanya kazi gani hasa? (Wapo vijana waendao kupiga picha tu.) Akiridhika, ampitishe kwanza Arusha, ilikokuwa mahakama iliyomhukumu meya Akayesu mwaka 1998, hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari.

Mzee aliikunja barua. Saini yake yahitajika kabla ya Ijumaa.