Mjomba, yule mwalimu hajakosea

Haya jamani, nimerudi. Najua nimepotea wiki nyingi na wengine mmeanza kuulizana kama Muscat imenimeza. Haijanimeza. Zamu za usiku zimenibana mwezi mzima, joto nalo limeshaanza ujeuri wake, na leo ndiyo siku ya kwanza nimelala mpaka saa nne asubuhi. Shikamoo mama, shikamooni wakubwa wote.

Nilikuwa nimewaahidi habari za soko la Mutrah na bei ya dhahabu, lakini itabidi zisubiri. Nina neno kuhusu mdogo wangu na ile shule yake ya urubani Nairobi, kwa sababu naona simu za familia zimekuwa moto na kila anayenipigia ananiuliza jambo lile lile: "Wewe ndiye unayelipa ada, mbona huwaambii kitu?" Basi naandika hapa mara moja ili nisirudie kwa kila mtu.

Kwa ambao hamna habari, ni hivi. Kijana alikuwa amekaribia kuruka peke yake kwa mara ya kwanza, bila mwalimu pembeni. Siku moja kabla, wakiwa chini wanatembeza ndege kuelekea kwenye njia ya kurukia, mnara ukamwambia asimame na asubiri nje ya njia. Yeye akajibu "Roja." Basi, neno moja. Mwalimu hakusema kitu mpaka waliporudi, halafu akamwambia hurukii peke yako wiki hii, utarudia saa kadhaa na mimi kwanza. Saa za ndege ni hela, tena hela nyingi. Mdogo wangu akakasirika, mjomba akakasirika zaidi, akasema hao watu wanatuchuna, ndege alisimamisha vizuri, hakuvuka mstari, kosa liko wapi? Mama naye ana lake, nitalifikia.

Mjomba, kwa heshima zote, mimi niko upande wa mwalimu. Tena nimekuwa upande wake tangu dakika ya kwanza, na sababu yangu haitoki kwenye ndege, inatoka wodini.

Kwanza hilo neno lenyewe. Kwenye redio za ndege "roja" halina maana ya ndiyo. Wala halina maana ya nimekubali, au nitafanya. Maana yake ni moja tu: nimepokea yote uliyosema sasa hivi. Nitafanya ni neno jingine, "wilko". Ndiyo ni "afemu". Na kuna mambo ambayo hata "wilko" haitoshi, lazima rubani ayarudie yenyewe kwa mdomo wake, na mwenye mnara asikilize kama yamerudi sawasawa: ruhusa ya kuingia kwenye njia ya kurukia, kuivuka, kusimama nje yake, kutua, kuruka, namba ya njia yenyewe, urefu, mwelekeo, na ile namba ya mgandamizo wa hewa anayoiweka kwenye kipimo cha urefu. Kanuni hizi ni za dunia nzima, kuanzia jumbo mpaka kindege cha watu wawili. Kwa hiyo kijana alipojibu "roja", mnara ulijua tu kwamba sauti imefika. Alichokielewa kichwani kilibaki kichwani kwake.

Sasa hebu fikirini sisi tunavyosema "sawa". Mtu akikueleza jambo refu kwenye simu, unasema sawa. Hujasikia vizuri? Sawa. Hukubaliani? Sawa. Unataka akate simu ukale? Sawa sawa. Hapa Oman wana "tamam", nayo inafanya kazi hiyo hiyo, na wodini kwetu tuna Wahindi wa Kerala, Wafilipino, Wamisri, Wasudani, Waomani na mimi Mtanga, kila mmoja ana "sawa" yake, na Kiingereza chetu kila mmoja amekuja nacho kutoka kwao.

Nitawasimulia kitu ambacho hata mama sijawahi kumwambia. Mwaka wangu wa kwanza huku, saa tisa usiku, mgonjwa wa kisukari, sukari imepanda. Nampigia daktari, yuko chumba kingine anahangaika na mgonjwa mwingine. Ananipa dozi ya insulini kwa simu. Alisema "fiftini". Mimi nilisikia "fifti". Kumi na tano na hamsini, kwa Kiswahili huwezi kuzichanganya hata ukiwa umelewa usingizi, lakini kwa Kiingereza cha simu mbovu zinatofautiana kwa pumzi moja tu mwishoni. Nikasema "okei daktari", nikakata simu.

Kilichomwokoa yule mama (na kuniokoa mimi) ni kwamba insulini huchotwa na kuhakikiwa na wauguzi wawili. Mwenzangu wa Kerala aliangalia bomba, akaniangalia, akaniuliza taratibu, dada, una hakika? Nikampigia tena daktari. Akanyamaza kidogo kisha akasema wani faivu, wani faivu. Mikono ilinitetemeka mpaka asubuhi. Nilipofika nyumbani nilikaa kwenye ngazi za jengo, sikuingia ndani. Kwa siku kadhaa nilikuwa nawaza kuacha kazi na kurudi, na nyinyi mkipiga simu nilikuwa nasema niko salama. Sawa, nilikuwa nasema.

Tangu siku ile sipokei dozi kwa simu bila kuiandika, kuisoma kwa sauti, na kusubiri daktari aseme ndivyo. Namba naitaja tarakimu moja moja: moja tano. Tano sifuri. Wapo wanaokereka. Kuna daktari mmoja mkubwa aliwahi kuniuliza kama nina tatizo la masikio. Nikamwambia ndiyo daktari, naomba unisaidie, dozi ni ngapi?

Marubani wao wameshafika huko zamani. Tarakimu zinatajwa moja moja, na nyingine zimepindwa makusudi: tano inatamkwa "faifu" na tisa "naina", ili zisifanane kwenye redio inayokwaruza. Herufi nazo zina majina, Alfa, Bravo, Chali, alfabeti ambayo imekuwa ikitumika hivi tangu mwaka 1956. Mdogo wangu alipoanza shule alikuwa ananitumia sauti zake akizikariri, mpaka nikazikariri na mimi, na sasa nikitaja jina la mgonjwa kwa simu ya maabara naanza Novemba, Alfa... Wafilipino wananicheka.

Mjomba anasema kosa dogo. Nakubali lilikuwa dogo, na siku ile halikumdhuru mtu. Lakini ajali mbaya kuliko zote katika historia ya ndege za abiria ilitokea chini, ndege zikiwa bado kwenye njia ya kurukia. Ilikuwa tarehe 27 Machi 1977, kisiwa cha Tenerife, jumbo mbili, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ukungu mzito. Rubani wa KLM alianza kuruka bila ruhusa huku Pan Am bado iko mbele yake kwenye njia ile ile. Maneno aliyosema msaidizi wake redioni yalikuwa ya nusu nusu, hayakueleweka kama wanasubiri kuruka au ndiyo wanaruka. Mnara ukajibu "okei", ukaongeza kwamba wasubiri, na wakati huo huo Pan Am nao wakabonyeza redio kusema bado wapo njiani. Sauti mbili zikigongana kwenye masafa mamoja zinazaa mlio tu. Fundi wa ndege ya KLM aliuliza kama wenzao wameshaondoka, nahodha akamjibu kwa uhakika kwamba ndiyo, na nahodha alikuwa mkubwa mno kwenye shirika lile, nani angembishia? Walikufa watu 583. Baada ya hapo ndipo neno la kuruka likawekewa mipaka: halitajwi redioni ila pale ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa. Na "okei" peke yake ikapoteza heshima yake.

Sasa mama. Mama anasema redio ziwe na kanuni zisiwe nazo, ndege ziligongana pale pale Wilson. Ni kweli mama, sitakuficha. Tarehe 5 Machi 2024, Dash 8 ya Safarilink iliyokuwa inaenda Diani na watu 44, na Cessna 172 ya mafunzo, ziligongana hewani muda mfupi baada ya ile kubwa kuruka. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Cessna ilianguka kwenye Mbuga ya Taifa ya Nairobi, mwalimu na mwanafunzi wake wakafa. Siku ile nilikuwa zamuni, nilipoona habari niliingia chooni kulia kabla hata sijajua ni nani, kwa sababu mdogo wangu alikuwa ameshaniambia anataka kusomea pale pale. Wilson wanafunzi na ndege za abiria wanatumia njia zile zile. Ni uwanja wenye shughuli tangu zama za Florence Kerr Wilson, yule mwanamama aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929.

Sitasema nani alikosea, marehemu hawajibu. Ninachosema ni kwamba wanafunzi wanaruka kwa kanuni za kuona kwa macho, wale wenyewe wanaita VFR. Maana yake hata ukiongozwa na mnara, jukumu la kuangalia nje na kukwepa mwenzako liko kwako pia. Na macho yana mipaka yake. Cessna 172 ina bawa juu ya kichwa cha rubani, kwa hiyo ukikunja kona bawa linakuziba upande ule ule unaoelekea. Ndiyo maana redio ina kazi nyingine ambayo watu wa nje hatuifikirii: kusikiliza. Kila anayetaja mahali alipo, mwenzake anachora picha kichwani, fulani yuko upande huu, urefu huu, anakuja. Kwenye viwanja vidogo vya mbugani, kama vingi vya Mara na Serengeti, hakuna mnara kabisa. Marubani wanatangaziana wenyewe. Nani unamwita, wewe ni nani, uko wapi, unataka nini. Ukikosea "uko wapi" yako, umeichafua picha ya kila mtu aliye hewani.

Na redio ikifa je? Hilo mama uliniuliza usiku wa manane, nami nikamuuliza mdogo wangu. Kuna namba, 7600, anaibonyeza kwenye kile chombo kinachojibu rada, na rada inajua huyu hana sauti. Na mnara una taa. Kijani inayowaka bila kukatika kwa aliye hewani, tua. Nyekundu isiyokatika, mpishe mwingine, endelea kuzunguka. Nyekundu inayomweka, uwanja si salama, usitue. Mama alipenda sana habari ya taa, akasema hao sasa ndio wamefikiria.

Kinachoniuma mimi, na hapa nasema kama muuguzi mwenye digrii na siyo dada wa rubani, ni hospitali za kwetu. Nilifanya mazoezi ya kazi nyumbani, nakumbuka daktari anapita wodini anaongea huku anatembea, sisi nyuma tunaitikia "sawa daktari" kama kwaya. Ukimuuliza mara ya pili anakutazama kuanzia juu hadi chini, na wenzako wanakufinya usimwaibishe. Tumelelewa hivyo, mkubwa harudiwi. Hapa wapo mabibi wa Kiomani waliozaliwa Unguja, nikiwapa dawa wananiambia kwa Kiswahili safi, "Sema tena mwanangu, masikio yamezeeka," na wananirudishia: hiki asubuhi, hiki usiku, hiki nikishakula. Hawaoni haya. Sijui kwa nini sisi vijana tunaona haya. Nataka kila zahanati yetu iweke sheria moja tu, dozi ya mdomo haitekelezwi mpaka irudiwe na ikubaliwe, awe profesa, awe nani. Haihitaji mashine wala mfadhili.

Basi ada ya saa za nyongeza nimeshalipa, mjomba, juzi Alhamisi. Ni nyingi, kweli, zawadi za Sikukuu mwaka huu zitakuwa nyembamba, msininunie. Nilimtumia mdogo wangu ujumbe kwamba hela inakuja, na akinijibu "sawa" nazuia. Akaniletea sauti yake, kwa ile sauti ya puani ya redioni: "Dada, nakusoma. Rial moja tano sifuri, kupitia jina langu, nachukua kesho asubuhi kabla ya darasa." Nikamjibu afemu.

Wiki ijayo nadhani ataruka peke yake, mwalimu akiridhika. Mama, nitakupigia siku hiyo, weka simu karibu. Mjomba, wewe nipigie uniambie umenielewa vipi.

Haya nalala, naingia saa moja jioni.