Pete ya Mukuku: Kuijua ni nini hakutoshi

Desemba 30, 2024, pete ya chuma ya takriban kilo 500 iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya. Picha zikasambaa: hii kitu ni nini jamani? Shirika la Anga za Juu la Kenya likasema ni kipande cha roketi. Lakini ya nani? Wataalamu wa nje walioichambua mtandaoni hawakuelewana: kuna aliyeitaja roketi ya Ulaya, kuna aliyetilia shaka kama ilitoka angani kweli.

Swali hilo lina pesa ndani yake. Mkataba wa kimataifa wa 1972 unaitaka nchi iliyorusha chombo ilipe hasara kilicholeta ardhini. Mwenyewe asipojulikana, nani atadaiwa?

Ukikuta kitu cha ajabu, usikiguse. Piga picha za namba na maandishi, si umbo tu.