Kiuhimizacho Moyo

Tupandapo upesi ngazi za nyumba ya mawe mjini Unguja, moyo huenda mbio. Mmojawapo wa wahimizaji wake ni adrenalini, iliyomo katika damu. Nayo haiingii ndani ya chembe za moyo. Hubisha tu katika milango yake, iitwayo vipokezi. Ndipo kalsiamu (ile ile iliyomo katika chokaa ya kuta zetu) hujaa ndani, na nyama ya moyo hujikaza kwa nguvu. Kisha hurudishwa ghalani, moyo ukalegea, ukajaa damu tena.

Dawa ya shinikizo la damu kama atenololi huiziba milango hiyo. Lakini aitumiaye siku nyingi asiiache ghafula kwa kuona nafuu, maana vipokezi huwa vimeongezeka kimya kimya, na moyo mgonjwa waweza kuhimizwa hata ukasimama. Aende kwanza hospitali ya Mnazi Mmoja, daktari ampunguzie kidogo kidogo.