Wakili Kwanza, Ami Baadaye

Ndugu akikamatwa, sisi Unguja tunaanza na nani anamjua nani. Simu kwa ami, simu kwa shemeji, pesa zinatoka, kijana bado yuko ndani. Wakili tunamwita mwisho, tena kwa kunong'ona.

Kweli, wakili naye ana mpaka wake. Viongozi wa Uamsho walishitakiwa Dar es Salaam mwaka 2014 kwa ugaidi, kosa lisilo na dhamana. Mawakili walihangaika, lakini walitoka Juni 2021, DPP alipofuta mashitaka. Sheria ile ndiyo ya kupigiwa kelele.

Ila kesi nyingi za mitaani zina dhamana! Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo tangu 1992, kinasaidia wasio na uwezo. Mpelekeni mama huko kabla hajauza mkufu.