Suala na Jawabu: Kompyuta ya Ofisini na Michezo ya Kisasa

SUALA: Nimenunua kompyuta ya Dell OptiPlex 9020 iliyokwisha kutumika ofisini, kwa ajili ya masomo ya watoto na hesabu za duka. Kijana wangu wa miaka 15 asema kwamba ikitiwa kadi ya picha itacheza michezo yote ya kisasa, na fundi amemwunga mkono. Kadi waitakayo bei yake yapita ya kompyuta yenyewe. Je, maneno yao ni kweli? — Mzazi, Tanga.

JAWABU: Kijana wako amesema nusu ya kweli, na nusu aliyoiacha ndiyo itakayokula fedha zako.

Kompyuta hizi ziletwazo kutoka Ulaya baada ya kutumika maofisini si vitu vya kudharauliwa. Zilitengenezwa zifanye kazi mchana kutwa bila ya makelele. OptiPlex 9020 ilitoka mwaka 2013, na nyingi katika hizo zina prosesa ya Intel Core i5-4590 yenye viini vinne. Kilichokosekana ndani yake ni kadi ya picha, kwa kuwa karani aandikaye barua hana haja nayo. Basi watu hudhani kwamba ikitiwa kadi, kazi imekwisha. Haikwisha, maana sanduku lenyewe lina sauti katika jambo hili kuliko fundi na kuliko kijana.

Kwanza tazama nafasi. Kompyuta ya jina hilo hilo moja ilitengenezwa kwa masanduku ya namna mbalimbali. Lile kubwa la kusimama hupokea kadi ya kawaida, ikiwa si ndefu mno. Lile jembamba hupokea kadi fupi ya nusu kimo tu. Yale madogo kabisa hayana pa kutia kadi hiyo, na mwenye hilo asijisumbue.

La pili ni umeme, na hapa ndipo penye khatari. Pawa saplai, yaani kile kikasha cha chuma chenye feni ambamo huingia waya utokao ukutani, katika sanduku kubwa la 9020 ina uwezo wa wati 290 kwa kompyuta nzima, na katika lile jembamba wati 255. Wala haina ule waya wa pini sita au nane ambao kadi kubwa hulishwa kwao. Kwa hiyo kadi yako haina pa kupata umeme ila katika tundu lake la madabodi, na tundu hilo kwa kanuni yake halitoi zaidi ya wati 75.

Baadhi ya mafundi, wakifika hapo, huleta hila. Hutwaa kiwaya cha kubadilisha, upande mmoja wakakitia katika plagi ya umeme ya diski ya SATA, na upande wa pili wakailisha kadi. Plagi ile ya diski haikufanywa ipitishe zaidi ya wati 54 katika njia yake ya volti 12, hali ya kuwa kadi yenye pini sita ina ruhusa ya kuvuta 75 kwa waya huo. Plastiki huyeyuka, na huenda moto ukashika usiku watu wamelala. Fundi akikuletea kiwaya hicho, mrudishie mkononi. Mwengine atasema, "Tubadilishe pawa saplai." Yawezekana; walakini madabodi ya 9020 hupokea umeme kwa plagi ya pini nane ya Dell wenyewe, na pawa saplai za madukani zina pini 24, basi itakulazimu kununua na waya wa kuziunganisha. Gharama imeshapanda, na kompyuta ingali ile ile ya 2013.

Zipo kadi zinazotosheka na umeme wa tundu peke yake. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 ni moja, na GTX 1650 ya 2019 ni nyingine, lakini baadhi ya GTX 1650 zimetiwa plagi ya pini sita, basi itazame kadi kwa macho yako kabla ya kulipa. RTX 3050 yenye GB 6, iliyotoka 2024, huvuta wati 70. Angalia sana hapo: iko RTX 3050 ya GB 8 ya mwaka 2022, jina ni lile lile, nayo hutaka wati 130. Muuzaji asiyejua, au ajuaye akanyamaza, atakutia khasarani kwa tofauti ya tarakimu moja. Kuhusu sanduku lenye kioo na taa za rangi rangi, taa hazichezi mchezo.

Lau fedha zingekuwa zangu, nisingeanza na kadi. Ningeanza na diski ya SSD badala ya ile ya kuzunguka, kwani faida yake huipata nyumba nzima: hesabu za duka hufunguka upesi, na mtoto wa darasa la nne hangoji. Kisha kumbukumbu, kutoka GB 8 hadi 16. Kadi iwe ya mwisho, tena iliyotumika, na bei yake isiipite ya kompyuta.

Akiyapata hayo, kijana atacheza nini? Grand Theft Auto V, ambao ni wa 2015 kwa upande wa kompyuta, huenda vizuri (ingawa mchezo huo si wa umri wake, na hilo lina suala lake). Minecraft hauna tabu. Ama Cyberpunk 2077, tangu mwaka 2023 watengenezaji wake hutaka kwa uchache prosesa mpya kuliko hiyo, GB 12 za kumbukumbu, na SSD. Kwa hiyo neno "yote" alilolisema kijana haliko.

Tena kuna mlango mwingine unaofungwa. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiikubali rasmi prosesa ya zamani hiyo. Battlefield 6 wa mwaka 2025 hutaka Secure Boot na TPM 2.0, na 9020 ina TPM ya zamani, 1.2. Hapo kadi haisaidii kitu, ingawa iwe ya dhahabu.

Basi mwambie kijana aandike majina ya michezo mitatu aipendayo kuliko yote, na mbele ya kila mmoja masharti yaliyotangazwa na wenyewe. Chini yake aandike kipimo cha nafasi ndani ya sanduku, kwa rula, na wati zilizochapwa ubavuni mwa pawa saplai. Karatasi hiyo mwende nayo dukani nyote wawili.